Bastola kwenye gari, beji mlangoni

Kijana alikuwa bado amevaa kizibao chake cha kung'aa tulipokaa ofisi ya utumishi. Mimi nilikuwa mkalimani, nimeitwa kwa simu alfajiri. Mezani palikuwa na karatasi mbili za kutia saini, kalamu, na beji yake ya kuingilia kazini, tayari imekatwa vipande viwili kwa mkasi. Usiku ule mlinzi wa lango la ghala alimfungulia begi la mgongoni, na chini ya bakuli la wali na samaki akakuta bastola. Haikuwa ya wizi. Aliinunua dukani kwa jina lake mwenyewe, baada ya kuporwa kwenye kituo cha mafuta hapa Texas.

“Yaya, waambie sheria ya Texas inaniruhusu,” aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, Kongo, ambako yaya ni ndugu mkubwa.

Nikawaambia. Yule mama wa utumishi alijibu taratibu, bila hasira: “Ni kweli, sheria inamruhusu. Sisi hatumruhusu.” Kabla ya saa tatu asubuhi kijana alikuwa hana kazi.

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo ndugu zetu wengi wanapoumia. Tumetoka nchi ambako silaha ni jambo la serikali moja na kibali kimoja. Kenya kuna Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Ukiwa na kibali unajua ulipo, na usipokuwa nacho unajua pia. Marekani bunduki moja inapita chini ya sheria ya shirikisho, sheria ya jimbo, kanuni za mwajiri, na kwa sisi wageni, sheria ya uhamiaji, zote siku hiyohiyo kati ya nyumbani na kazini. Mimi si wakili. Ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa kukaa miaka katikati ya wanasheria na watu wetu, nikitafsiri maneno ambayo mara nyingi yamechelewa kusikika.

Nianze na makaratasi yako, maana hilo linatangulia bunduki yenyewe. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na kibali cha kuwa nchini kushika silaha au risasi. Inamkataza pia mtu aliyeingia kwa viza ya muda: ya masomo, ya matembezi, hata ya kazi ya kitaalamu. Wapo wanaosamehewa katika kundi hilo la pili, kwa mfano mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa anayevunja katazo hili, adhabu ya juu tangu mwaka 2022 ni kifungo cha miaka 15. Mwenye grinikadi, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyepewa hifadhi hawamo katika katazo hili, ila majimbo mengine yana masharti yao ya ziada. Kama hadhi yako haimo katika hizi tatu za mwisho, usiguse silaha mpaka wakili wa uhamiaji aone karatasi zako.

Nasema usiguse, na ndivyo ninavyomaanisha. Kazini kwenu watakuwapo wenzako wema watakaokualika Jumamosi mkalenge shabaha. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mwanafunzi kutoka Falme za Kiarabu aliyeshitakiwa huko Florida. Chuo kilikuwa kimemfukuza, viza yake ya masomo ikapoteza nguvu, naye akaenda kwenye uwanja wa shabaha akapiga risasi. Hakumlenga mtu. Mahakama ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshitakiwa alijua hadhi yake, na huo ulikuwa ushindi kwa upande wake. Lakini kufikia hapo alikuwa ameburutwa mahakamani kwa miaka, kwa jambo ambalo wenzake wenyeji wanalifanya kama mchezo wa wikiendi.

Ukiwa na haki ya kununua, duka litakupa fomu ya shirikisho namba 4473. Isome polepole, au nenda na mtu wa kukusomea. Inauliza uraia wako, na kwa asiye raia inataka namba yake ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A. Hapo ndipo nimeona watu wakiweka alama kwenye Marekani kwa sababu muuzaji ana haraka, au kwa sababu wanaona wameishi hapa kiasi cha kutosha. Ndugu yangu, kusema uongo katika fomu ile ni kosa la jinai. Na kujidai raia wa Marekani wakati si raia ni kosa ambalo sheria ya uhamiaji hailisamehe kirahisi. Unaweza kuondoka dukani na bastola halali mkononi, na nyuma yako umeacha karatasi ya kukufukuza nchini.

Kuna jambo moja zaidi la makaratasi. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akipatikana na hatia ya kununua, kumiliki, kubeba au kutumia silaha kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini. Grinikadi haimkingi. Miaka ishirini ya kulipa kodi haimkingi. Mwenzako Mmarekani akikosea lango na bastola yake anaweza kulipa faini akarudi kulala kwake. Wewe kwa kosa hilohilo unaweza kujikuta mbele ya jaji wa uhamiaji. Kwa sababu hiyo mimi ninawashauri watu wetu wawe wakali kwa nafsi zao kuliko sheria ya jimbo inavyowadai.

Sasa turudi langoni. Wengi wamesikia kwamba Katiba ya Marekani inalinda haki ya kubeba silaha, na wamesikia sawasawa. Marekebisho ya Pili yamekuwapo tangu 1791, na mwaka 2022, katika kesi iliyotoka New York, Mahakama ya Juu ilisema haki hiyo inamfuata mtu hata nje ya nyumba yake. Lakini Katiba inaibana serikali. Mwenye ghala, mwenye hoteli, mwenye kiwanda cha nyama, hao ni watu binafsi, na ndani ya jengo lao wanaweza kukataza bunduki kama wanavyoweza kukataza ndala. Tena ajira za Marekani, isipokuwa jimbo la Montana, kwa kawaida ni za hiari ya pande zote mbili: mwajiri anaweza kukuachisha bila kutoa sababu kubwa, ilimradi asivunje sheria maalumu. Mtu mwenye leseni ya kubeba na asiye nayo, kwa mwajiri wa namna hii, wako sawa.

Jambo hubadilika kwenye maegesho. Mwaka 2002, katika kiwanda cha karatasi cha mji mdogo wa Valliant, Oklahoma, uongozi ulileta mbwa wa kunusa wakapita kwenye magari ya wafanyakazi. Walikuta bunduki, na wenye magari wakafukuzwa kazi. Watu wa pale ni wawindaji. Bunduki nyuma ya kiti cha pikapu kwao ni kama jembe kwa mkulima. Kelele zilikuwa kubwa. Mwaka 2004 Oklahoma ikatunga sheria kwamba mwajiri hawezi kumkataza mtu kuacha silaha yake halali ndani ya gari lake lililofungwa. Makampuni yakaenda mahakamani kupinga, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaiacha sheria isimame. Florida na Georgia zikafuata mwaka 2008, Texas mwaka 2011, na baadaye Tennessee, Ohio na majimbo mengine, kila moja kwa masharti yake.

Masharti hayo yasome neno kwa neno. Kwa Texas, ambako ninaishi, gari liwe la binafsi, liwe limefungwa, na bunduki iwe yako kihalali. Hapo mwajiri hawezi kukukataza kuiacha kwenye maegesho anayowapa wafanyakazi. Gari la kampuni halimo, isipokuwa kazi yenyewe inadai silaha. Baadhi ya viwanda vya kemikali na vya kusafishia mafuta vina msamaha wao katika maeneo yao yaliyozungushiwa ulinzi, na kwa watu wa Houston hilo si dogo, maana nusu ya mtaa inafanya kazi huko. Ukitoka na bunduki garini ukapiga hatua kuelekea mlangoni, ulinzi wa sheria ya maegesho umeuacha nyuma yako. Yule kijana wa Bukavu angeifungia ndani ya gari lake, pale alipoegesha, asingeitwa mtu wa kumtafsiria.

Kuifungia ndani ya gari nako kuna namna yake. Wezi wanajua maegesho ya maghala na ya hospitali, wanajua shifti inadumu saa kumi na mbili, na wanapiga kioo kwa sekunde. Usiiweke chini ya kiti wala kwenye kidroo cha dashibodi. Nunua kisanduku cha chuma chenye kufuli na waya mzito unaozungushwa kwenye mguu wa kiti. Iweke humo kabla hujafika kazini, si pale maegeshoni mbele ya macho ya watu. Usibandike stika za bunduki kwenye gari. Ni tangazo kwa mwizi. Andika namba iliyochongwa kwenye bunduki yako mahali tofauti, nyumbani. Ikiibiwa, ripoti polisi siku hiyohiyo, maana ikitumika kuua mtu, jina la kwanza litakalotokea ni lako.

Na usimwambie mtu kazini. Nimetafsiri kesi ya mama mmoja aliyetaniwa kuhusu mume wa zamani aliyekuwa akimfuatafuata, naye akajibu, “Aje tu, ninacho cha kumpokelea kwenye gari.” Alikuwa anajitia moyo. Msimamizi alisikia kitisho. Sheria ya maegesho inalinda silaha iliyotulia garini. Haimlindi mtu anayeonekana kutisha wenzake, na lafudhi yetu, pamoja na mikono yetu inayosema tunapozungumza, huwafanya watu wasikie hasira mahali ambapo haipo.

Kisha yapo mabango. Texas ina bango la kifungu 30.05 kwa asiye na leseni, la 30.06 kwa bastola iliyofichwa na la 30.07 kwa inayoonekana. Sheria inataka yaandikwe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi kubwa zisizopungua inchi moja, rangi inayotofautiana na ukuta. Kiswahili hakimo. Kuna mtu atasimama mbele ya maandishi hayo, Kiingereza chake cha kuokoteza, Kihispania hana kabisa, na kwa mujibu wa sheria amekwisha kuarifiwa. Kariri namba basi, kama unavyokariri namba ya basi: 30.05, 30.06, 30.07. Ukiona mojawapo mlangoni, rudi garini. Na ukifanya kazi ya kuosha vyombo au ulinzi mahali penye bango lenye namba 51 nyekundu, jua kwamba zaidi ya nusu ya mapato yao ni pombe ya kunywewa palepale. Kuingia humo na bastola ni kosa zito, hata kama mwenye baa ni rafiki yako.

Dada zetu wengi, na kaka pia, wanalea wagonjwa na wazee. Texas imeweka hospitali na nyumba za uuguzi zenye leseni katika orodha ya mahali pasipoingizwa silaha bila idhini ya maandishi ya uongozi. Ukienda kumhudumia mzee nyumbani kwake, pale ni kwake: yeye au familia yake wakikuambia hapana, ni hapana, na wakala aliyekutuma karibu kila mara ana kanuni yake pia. Kiulize kitabu cha kanuni ulichotia saini siku ya kwanza. Najua hukukisoma. Hakuna aliyekisoma. Omba nakala, tafuta ukurasa wenye neno la silaha, upige picha.

Mali ya serikali ya shirikisho ni habari nyingine. Kuingia na silaha katika jengo la shirikisho kunaweza kukupa hadi mwaka 1 jela, na katika jengo la mahakama ya shirikisho hadi miaka 2. Ofisi za posta zina kanuni inayokataza hata kwenye maegesho yao. Imepingwa mahakamani zaidi ya mara moja, lakini wewe usiwe mtu wa kuijaribu. Kwa wanaopangua barua na vifurushi usiku, hii ndiyo kanuni ya kazini kwenu, na sheria ya maegesho ya jimbo haiishindi. Shule nazo: sheria ya shirikisho inazungushia kila shule eneo la futi 1,000. Majimbo mengi siku hizi, Texas ikiwamo tangu Septemba 2021, yanaruhusu watu wazima kubeba bastola bila leseni yoyote. Lakini katika eneo la shule, msamaha wa sheria ya shirikisho ni wa mwenye leseni ya jimbo hilohilo, au wa aliyeitoa risasi bunduki yake akaifungia kwenye sanduku. Njia ya kazini kwako inapita shule ngapi? Kwa sababu hiyo tu mimi humwambia anayetaka kubeba: chukua leseni, hata kama jimbo halikudai.

Nifike kwa madereva wa malori, maana ndio wanaonipigia simu usiku. Hakuna sheria moja ya shirikisho inayomkataza dereva wa lori, kwa sababu tu ni dereva, kuwa na silaha. Lakini lori la kampuni si gari lako, na kampuni nyingi zinakataza. Hata mwenye lori lake akikodishwa kwa kampuni, mkataba ndio unaosema. Zaidi ya hapo kuna mipaka. Leseni ya Texas haitambuliwi New Jersey, wala New York, wala California. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye leseni halali ya Pennsylvania, alisimamishwa na polisi New Jersey, jimbo la ng'ambo ya mto, akamwambia askari kwa uaminifu kwamba ana bastola. Alikamatwa na kushitakiwa kwa kosa ambalo sheria ya jimbo ilikuwa imeliwekea kifungo cha miaka kadhaa. Gavana alikuja kumsamehe mwaka 2015. Yule alikuwa raia. Jiulize wewe msamaha huo ungekukuta wapi.

Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri anayepita majimbo makali: atoke mahali anaporuhusiwa, aende mahali anaporuhusiwa, bunduki iwe haina risasi, na bunduki na risasi zote ziwe mahali asipoweza kuzifikia kwa mkono akiwa kwenye kiti. Kama gari halina buti, viwe ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli ambacho si kidroo cha dashibodi. Usiitegemee kupita kiasi. Kuna abiria aliyekosa ndege ya kuunganisha Newark, akachukua mizigo yake akalala hotelini. Asubuhi alipoitangaza bunduki yake uwanjani alikamatwa, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema usiku ule wa hotelini ulimtoa kwenye ulinzi. Dereva wa lori analala njiani kila siku. Kwa njia ya Kaskazini Mashariki, acha bunduki nyumbani. Kwa njia ya Kanada, acha kabisa.

Wanaoendesha teksi za programu za simu: Uber na Lyft zinakataza silaha ndani ya gari, kwa dereva na kwa abiria, na wakikubaini wanaweza kuifunga akaunti yako. Na wanaofanya ulinzi: leseni yako binafsi ya kubeba haikufanyi mlinzi mwenye silaha. Texas walinzi wasio na silaha na wenye silaha wana daraja tofauti za mafunzo na usajili. Msimamizi akikuambia “njoo na ya kwako leo, tuna upungufu,” kataa, na kataa kwa ujumbe wa simu ili ubaki na ushahidi.

Ukisimamishwa na polisi ukiwa njiani kwenda kazini na silaha imo garini, jua kwanza sheria ya jimbo ulimo: Michigan, kwa mfano, mwenye leseni lazima amwambie askari mara moja. Zima injini, washa taa ya ndani, mikono yote miwili juu ya usukani. Usitaje neno la bunduki huku mkono unaelekea mfukoni. Philando Castile, mfanyakazi wa jiko la shule huko Minnesota, alikuwa na leseni na alimwambia askari kwa heshima kwamba ana silaha. Alipigwa risasi akiwa kwenye kiti chake, akafa, Julai 2016, na askari yule akaachiwa huru na mahakama mwaka uliofuata. Ninalitaja jina lake kila ninapozungumza na vijana wetu, kwa sababu ngozi yetu ni yake. Sema, “Afisa, nina leseni, silaha iko mahali fulani, mikono yangu iko hapa, unataka nifanye nini?” Kisha usisogee mpaka akuambie. Jizoeze maneno hayo kwa Kiingereza mpaka yatoke bila kufikiri.

Na ukiitwa ofisini kama yule kijana, ujue mengi yanaweza kuokolewa kwenye kiti kile. Omba mkalimani kabla hujasema lolote, hata kama Kiingereza chako kinatosha cha sokoni. Usitie saini karatasi inayosema umekiri; omba nakala, sema utaisoma na mtu. Usikubali kwa fadhila gari lako lipekuliwe kabla hujauliza kanuni inasema nini, ingawa kukataa kunaweza kukugharimu kazi. Wakiita polisi, nyamaza kwa adabu. Mashitaka yakifunguliwa, neno la kwanza kwa wakili liwe hili: “Mimi si raia.” Mwaka 2010, katika kesi ya dereva wa lori mzaliwa wa Honduras aliyekubali kosa la bangi Kentucky bila kujua litamwondoa nchini, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa utetezi ana wajibu wa kumwambia mteja hatari hiyo. Mkumbushe wajibu huo. Usikubali kosa lolote la silaha, hata dogo, hata la faini, kabla wakili wa uhamiaji hajaliona.

Yule kijana hakushitakiwa. Alikaa wiki saba bila kazi, mke wake akachukua shifti mbili, kisha akapata ghala jingine upande wa kaskazini wa jiji. Siku ya kwanza alinitumia picha ya mlango akiwa bado ameketi garini, bango jeupe lenye herufi nyeusi. “Yaya, nisomee hii.” Nikamsomea yote, mstari kwa mstari, naye akafungua kisanduku chake cha chuma, akaangalia kama kufuli limebana, akaenda kazini.